Dawa ya Kuzima Moto wa Kichwa

Kwetu Kasongo, huku Kongo, mwanaume akianza kupata kipara, watu hawamnyamazii. Mwenye mvi wanampisha njia, lakini mwenye kipara wa miaka thelathini na tatu ni mali ya kila mtu. "Mzee, kaa chini, miguu itauma," anakuambia mtu mliyekaa naye dawati moja shuleni. Mimi sina moyo wa kuchekwa. Nasema mapema ili nisipewe sifa zisizo zangu: hasira zangu ziko karibu, na huwa sizitoi nje. Nazimeza, kisha nakwenda kufanya upumbavu kimya kimya.

Upumbavu ninaoueleza hapa ulianza pembeni mwa paji la uso, kushoto na kulia, halafu ukapanda juu. Baba yangu alizikwa na nywele zake zote. Mama alisema kichwa changu nimekirithi kwa wajomba, na alisema hivyo bila huruma, kama anayetaja kabila. Nikaacha kwenda kwa kinyozi. Nilijinyoa mwenyewe nyuma ya nyumba, na kutoka siku hiyo kofia haikunitoka kichwani, hata nikilala. Sisi ni Waislamu wa mjini, watu wa kofia tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza sababu.

Kofia zenyewe alinishonea bibi yangu. Nikisema bibi, ninamaanisha mke wangu. Ndivyo tunavyosema huku. Yeye ni mshonaji, ana cherehani ya kukanyaga kwa mguu barazani kwetu, na mkono wake unasifiwa mpaka upande wa pili wa soko. Ndiyo maana nilishangaa kuona kila kofia mpya inakuja kubwa kuliko iliyotangulia. Ile ya mwisho ilishuka mpaka karibu na nyusi. Nilimwambia mkono wake umeanza kuharibika.

"Kitambaa ndiyo ilivuta, Papa," alijibu, kwa jina la heshima la wanaume wa kwetu, akaendelea kukanyaga.

Nikanung'unika, nikaivaa.

Tulikuwa mwaka wa tatu wa ndoa na mtoto hakuna. Mama yangu anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, si mtu mbaya, lakini ana masikio, na masikio yake yalikuwa yamejaa maneno ya wanawake wa kisimani. Alinipa habari mwenyewe, mchana, huku anachambua sombe, majani ya muhogo: Idi ikipita bila dalili, atakwenda kuzungumza na watu wa upande wa bibi yangu, kisha nitafutiwe mwingine. Hakusema nimwache. Alisema niongeze. Lakini kila mtu anajua nyumba ya namna hiyo inavyokuwa kwa yule wa kwanza ambaye hakuzaa. Kwa hiyo hata kama nitazungumza sana juu ya nywele, ijulikane kwamba kilichokuwa hatarini ni nafasi ya bibi yangu ndani ya nyumba yake.

Kazi yangu ni ufundi wa motopompe, zile mashine za kuvuta maji. Kasongo hazipo nyingi. Ziko Salamabila, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako maji yakijaa shimoni wachimbaji wanakaa bure mpaka fundi afike. Basi mimi napanda moto, kwetu moto ni pikipiki, naishika barabara ya Kabambare, na mvua ikiwa na adabu nalala Kabambare siku ya kwanza, Salamabila siku ya pili. Nakaa huko wiki tatu au nne, narudi. Nimefanya hivyo miaka tisa.

Wachimbaji, walioniona kabla ya enzi za kofia, walikuwa na jibu lao juu ya kipara changu. Walisema or inakula nywele. Huko wengi hawasemi dhahabu, wanasema or, Kifaransa kilichokatwa mkia. Walisema mtu akikaa sana juu ya udongo wenye or, unamwingia kwa pumzi, unapanda kichwani na kuunguza mizizi. Walinionyesha vichwa vyao kama ushahidi, na kweli kulikuwa na vipara vingi, ingawa hakuna aliyekumbuka kuhesabu wenye nywele.

Halafu akaja muuza dawa. Alikuwa mtu wa umri wangu, ametoka Bukavu, na alitandika meza yake chini ya parasoli karibu na mahali tunaposhukia moto. Nywele zake zilikuwa nyingi kiasi cha kuudhi. Aliniita siku nilipokuwa nafuta mafuta mikononi; wachimbaji walikuwa wameshamwambia kilichoko chini ya kofia.

"Fundi, nywele yako haijakufa," alisema. "Iko hai chini ya ngozi, lakini mizizi iko inawaka moto. Wazungu wanaita inflamasio. Ukizima moto, nywele inaota tena."

Maneno yale yaliniingia vizuri mno. Mashine inayochemka mimi siiombei dua, naipoza. Kwa nini kichwa kiwe tofauti? Akanionyesha vitu vitatu. Kwanza pomado ndani ya kikopo, jina lake limeandikwa kwa kalamu, ya kuzima moto juu ya ngozi. "Hii iko mupya kabisa, bado wanaijaribu huko Ulaya. Weye utakuwa wa kwanza huku." Pili, vidonge vyeupe, vya kuzima moto kutokea ndani. Tatu, vidonge vidogo vya rangi ya buluu.

"Na hii?"

"Hii inashusha ormone."

Mtu wa mahali pengine angeuliza. Mimi nilikuwa Salamabila, na nilisikia or. Niliisikia wazi, mwanzoni mwa neno, na mkia wake nikaujazia mwenyewe: basi hiyo ormone ni uchafu wa or, jasho lake, ule mvuke ambao wachimbaji wanasema unapanda kichwani. Miaka tisa nimeuvuta. Ni haki ushushwe. Sikuuliza, kwa sababu fundi hapendi kuonekana hajui mbele za watu. Tena jioni ile niliwaeleza wachimbaji wawili wenye vipara, kwa sauti ya mwalimu, kwamba ormone ndiyo inayotutoa nywele na sasa dawa yake imepatikana. Wakaenda kununua.

Nilimeza, nikapaka, na dawa ilipoisha nikachukua nyingine. Mwezi wa nne nilijitazama kwenye kioo cha moto, Kabambare, mbele ya nyumba ninayolala. Palikuwa na vinywele. Vyembamba, vya kuona ukitaka kuona, lakini vilikuwapo. Niliweka kofia haraka mtu asinikute, kisha nikaivua tena kuhakikisha. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliponunua moto.

Kwetu mambo ya chumbani hayasemwi barazani, na mimi sitaanza leo. Nitasema tu kwamba moto ulizimika, na si ule wa kichwani peke yake. Mwanzoni nilisema ni uchovu wa barabara. Nikirudi Kasongo baada ya wiki nne, mtu anayepaswa kuwa na hamu ya nyumba yake, nilikuwa nalala kama gunia. Uso wangu ukajaa, mashavu yakawa mviringo, na watu wakanipongeza: "Fundi amenona, bibi yake anapika." Nilicheka nao.

Baadaye likaja jambo la kifua. Wanaoijua barabara ya Kabambare wanajua kwamba haikubembelezi. Kila shimo lilianza kuniuma chini ya chuchu, upande wa kushoto, kisha pande zote mbili. Nikigusa nakuta pamevimba, na ndani yake kuna kitu kigumu kama kokwa. Nilianza kuvaa mashati mawili. Nikafika mahali naendesha kwa mkono mmoja, wa pili nimeshikilia kifua, na watu wa njiani wanadhani nawasalimu.

Bibi yangu aliuliza mara moja tu.

"Papa, huko Salamabila iko mutu?"

"Hapana. Hakuna mutu."

"Basi miye nimekosa nini?"

Nilimjibu kazi nyingi, jua, mgongo. Aliitikia. Angeweza kupiga kelele, ningepata nafasi ya kukasirika. Hakupiga.

Wakati huohuo Mama alikuwa amempata mwanamke mmoja wa kijiji cha upande wa Kabambare, anayejua mizizi ya wanawake wasioshika mimba. Mizizi ikaja ndani ya kapu. Mama aliichemsha mwenyewe na kuileta kila asubuhi ndani ya kopo la plastiki la kijani, na bibi yangu aliinywa amesimama, ameziba pua. Kisha alikwenda nyuma ya jiko na nilimsikia anatapika. Akanawa, akarudi kukaa kwenye cherehani. Miezi saba nilipokuwa Kasongo nilisikia hivyo, na nilipokuwa safarini ilikuwa vilevile, ila mimi sikusikia.

Siku moja tulikuwa tunakula, mimi na wao wawili. Mama alimwambia kwa upole, maana alikuwa anampenda kwa namna yake, "Mukwe wangu, yule mama wa mizizi anasema haumwambii yote. Mwambie hata yale ya aibu. Mficha uchi hazai."

Bibi yangu aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Mama."

Methali ile alitupiwa yeye. Mimi nilikuwa nimekaa pale, kofia imeshuka mpaka nyusi, mashati mawili kifuani, vidonge mfukoni. Niliona haya. Nikamega tonge jingine. Watu wakiniuliza leo kama sikuwa nimeanza kushuku, ninajibu kwamba nilikuwa nimeshashuku. Fundi anajua kitu gani kilibadilishwa kabla mashine haijaharibika. Lakini nywele zilikuwa zinaota. Hilo ndilo jibu langu, na ni jibu baya.

Kilichonipeleka kwa muganga si huruma, ni woga. Muganga kwetu ni mtu wa hospitali, si wa mizizi. Kokwa la kushoto lilikuwa limekua, na nilimfahamu jirani aliyekufa kwa kitu kama hicho shingoni. Nikirudi kutoka Salamabila sikupita nyumbani. Nilisimamisha moto mbele ya kituo cha afya, na vumbi langu lote, nikakaa kwenye foleni kati ya akina mama wenye watoto.

Muganga alikuwa mwanamke mwenye umri wa Mama yangu, miwani imefungwa uzi. Nilitaka kuondoka. Aliniita kabla sijainuka. Alinipima kifua kwa vidole viwili, bila kuona haya kwa niaba yangu, akauliza, "Unakunywa dawa gani, Papa?"

"Hakuna."

"Hata ya kichwa kuuma? Hata ya tumbo?"

"Hata moja."

Alinitazama usoni, kwenye yale mashavu. "Toa kofia."

Sikuwa nimeitoa mbele ya mtu kwa zaidi ya miaka mitatu. Niliitoa. Alisimama, akachungulia utosini, akapitisha kidole na kukiangalia.

"Na hii inang'aa ni nini?"

Nikatoa kila kitu mfukoni nikaweka mezani: kikopo, vyeupe, vya buluu. Nilimweleza habari ya moto wa mizizi, na kwa kuwa nilitaka aone kuwa sikudanganywa kijinga, nilimalizia, "Na hii ya buluu inashusha ormone. Inatoa or mu damu. Niko Salamabila miaka tisa."

Aliweka kalamu chini. Hakucheka, na natamani angecheka.

"Papa, ormone haina or ndani," alisema. "Ni kitu mwili yako inatengeneza yenyewe. Ile ya mwanaume ndiyo inakupa ndevu, na sauti, na nguvu, na mbegu ya mutoto. Ile ile, kwa wanaume wengine, inaangusha nywele. Hii kidonge inaizuia isifanye kazi yake yote. Sisi tunaipa wazee wenye shida ya kukojoa. Kuna watu wanaikunywa hawasikii kitu. Kuna wengine inawapata sawa na weye."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe inazima moto, hakukudanganya. Ndiyo ile wasichana wanakunywa kwa kunenepa. Ukiikunywa miezi mingi inavuruga ormone zote. Lakini usiiache mara moja, utaanguka. Utapunguza pole pole, nitakuandikia. Ya buluu, leo iwe mwisho."

"Pomado?"

Aliigeuza, akasoma ile kalamu. "Hii siijui. Alisema wako wanaijaribu wapi?"

"Ulaya."

"Wako wanaijaribu juu ya kichwa yako."

Akaandika kidogo. Kisha, bila kuinua macho, aliuliza kama nina bibi. Nikasema niko naye. Mtoto? Nikatikisa kichwa.

"Naye iko anakunywa dawa?"

"Mizizi."

"Ya nini?"

Nilikaa pale nikatazama kopo lake la kuwekea kalamu. Nje mtoto alikuwa analia kwa kuchomwa sindano. Muganga alingoja, na nilipoona hatanisaidia kujibu, nilisema, "Ya kuzaa."

"Miezi ngapi?"

"Saba."

Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha kichwa chake. Nikamuuliza kama nguvu itarudi. Alisema mara nyingi inarudi, lakini ni kazi ya miezi, na kwamba hawezi kuniapia; na miaka ile kabla ya vidonge, alisema, mtu wa safari kama mimi asimhesabie bibi yake. Kokwa pia atalitazama tena, lisiposhuka atanipeleka kwa daktari. "Na vidonge usiache nyumbani, bibi yako asivishike vikivunjika. Siku akipata mimba ya mutoto mwanaume, haifai." Alisema siku akipata kama jambo la kawaida kabisa, na hapo ndipo macho yangu yalipolowa. Nilivaa kofia nikatoka.

Nyumbani nilikuta mkeka umetandikwa barazani na Mama amekaa juu yake. Bibi yangu alikuwa anakunja vitenge ndani ya begi. Cherehani ilikuwa imefunikwa, jambo ambalo sijaona hata siku ya msiba. Mama alinieleza bila kungoja nikae: kesho wanakwenda kwa yule mwanamke wa mizizi, bibi yangu atakaa kwake siku arobaini, atibiwe kabisa. Moto mbili zimeshapangwa. Akirudi hivyo hivyo, basi, itakuwa Mungu amesema.

Bibi yangu aliweka mkasi wake wa kushonea ndani ya begi, akautoa, akauweka tena.

"Mama, asiende," nilisema.

"Juu ya nini?"

"Yeye haiko mugonjwa. Miye ndiye."

Nilivua kofia. Niliweka vidonge na kikopo juu ya mkeka, nikaanza kueleza, na nilieleza vibaya. Nilianzia kwenye motopompe, nikapitia or, nikarudi kwenye mizizi, Mama akadhani ninazungumzia ile mizizi yake. Mwisho alinyanyua mkono.

"Unasema nini, mwanangu?"

"Nilikunywa dawa ya kuotesha nywele. Imezima nguvu yangu yote. Muganga ameniambia sasa hivi. Lakini miye nilikuwa nashuku mbele, nikanyamaza. Yeye haina kosa."

Mama alikitazama kichwa changu kwa muda mrefu. Hakuwa amekiona tangu nilipooa.

"Juu ya nywele," alisema. Hakuuliza, alikuwa anajisomea tu.

Nilimgeukia bibi yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na hata kwa begi lile kuelekea kwao. Alikuwa bado ameshika kitenge kilichokunjwa nusu.

"Kipara niliijua," alisema.

"Tangu siku gani?"

"Tangu harusi. Weye unafikiri ni nani alikuwa anaongeza zile kofia? Kitambaa haivuti vile." Alimaliza kukunja kitenge. "Niliona inapanda, na miye nikawa naishusha kofia. Nilisema, acha nimusaidie kuficha, siku moja atanionyesha yeye mwenyewe."

Nilikuwa nimeulaumu mkono wake mbele ya wateja.

Aliingia ndani. Alirudi na lile kopo la kijani na sufuria ya mizizi ya asubuhi, ambayo ilikuwa imebaki nusu. Akamimina mpaka juu, bila kumwaga hata tone, akaninyooshea.

"Kunywa."

"Muganga anasema hii haisaidii..."

"Najua haisaidii. Kunywa."

Nikanywa. Siku zote nilidhani kwinini ndiyo mwisho wa uchungu. Ile ilikamata ulimi, ikakamata taya, ikateremka polepole kama haina haraka na mtu. Yeye alisimama mbele yangu, mikono ameikunja kifuani, ananihesabia kwa macho. Nilimaliza, nikarudisha kopo, macho yananitoka machozi.

"Miezi saba," alisema. "Kila siku. Na weye unanisikiliza."

"Nisamehe."

Alishika sufuria tena, akamimina kopo la pili. Nilimtazama Mama, nikiomba anitetee. Ni mama yangu, na dawa ilikuwa yake. Mama alilitazama kopo, akanitazama mimi, na kile kichwa changu.

"Umuongeze," alisema.

Nilitapika nyuma ya jiko, mahali palepale. Niliporudi, begi lilikuwa limefunguliwa na cherehani imefunuliwa, na yeye amekaa anatia uzi kwenye sindano. Hakusema na mimi siku tatu. Siku ya nne aliniuliza kama shati la pili bado linahitajika, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Salamabila nilirudi baada ya wiki mbili. Meza ya muuza dawa haikuwapo. Walisema amehamia machimbo mengine. Niliwatafuta wale wachimbaji wawili nikawaeleza ormone ni nini. Mmoja alitupa vidonge shimoni mbele yangu. Wa pili alicheka, akasema ana watoto sita, wanatosha, acha nywele nazo zije. Sikubishana naye. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Vyeupe nilivipunguza kama nilivyoandikiwa. Mashavu yalishuka, na watu wakaanza kuuliza kama nyumbani wamegombana na chakula. Kokwa la kulia likaisha. La kushoto limebaki kidogo, muganga analitazama, anasema linakwenda. Vinywele vilidondoka vyote, haraka kuliko vilivyokuja, nikaviona kwenye mto asubuhi na nikavipangusa. Na ule moto mwingine umerudi, si siku zote, lakini umerudi.

Idi ilipokaribia, bibi yangu alinipima kichwa kwa utepe, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa muda mrefu, na akanishonea kofia mpya. Ni ndogo. Ni kipimo cha zamani, inakaa juu kabisa na kuacha paji lote wazi, na kipara chenyewe kinachungulia mbele na nyuma. Aliniwekea kichwani mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja kutazama kazi yake, akasema, "Sasa kitambaa haikuvuta."

Tulitoka kuswali, mimi mbele na Mama, yeye nyuma yetu na mashoga zake. Watu walinitazama kichwani, na wawili walisema walichosema, nikakimeza, safari hii bila kufuatisha upumbavu wowote. Karibu na soko wale wanawake wa kisimani walimsimamisha Mama, wakapeana mkono wa Idi. Mmoja akashusha sauti, lakini si sana, akamuuliza kama mkwe wake bado tu.

Mama hakushusha ya kwake.

"Mukwe wangu iko muzima," alisema. "Ni huyu wangu ndiye tunamungojea."